Deskitopu pepe au tamino seva? Namna ya kuchagua kwa ofisi ya Dodoma

Ofisi nyingi za Dodoma zimekua haraka tangu shughuli za Serikali zihamie huku. Kampuni iliyoanza na watu sita Area C leo ina thelathini Njedengwa, na kila mmoja ana kompyuta yake, Office yake, virusi vyake na mafaili yake ambayo wenzake hawajui yalipo. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizopo mezani hazina TPM 2.0, chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11. Hapo linakuja swali: tununue kompyuta mpya thelathini, au tuhamishie kazi kwenye seva na hizi za zamani zibaki kuwa skrini, kibodi na mausi?

Ukiamua kwenda kwenye seva, njia ni mbili. Tamino seva ni Windows Server moja ambayo watu wote wanaingia kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye sesheni yake, wakigawana prosesa, RAM na programu zilizowekwa mara moja. Deskitopu pepe ni mashine pepe kamili kwa kila mtu, yenye Windows 11 yake na kiasi chake cha RAM kilichotengwa. Ya kwanza ni kama nyumba ya kupanga yenye mita moja ya LUKU: gharama kwa kichwa ni ndogo, ila mpangaji mmoja akishinda na jiko la umeme, wote wanaumia. Ya pili kila mpangaji ana mita yake.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Ofisi ya watu 10 hadi 60 inayotumia Word, Excel, uhasibu na mifumo ya kivinjari ianze na tamino seva. Deskitopu pepe wapewe wale wachache tu ambao kazi yao inashindikana humo. Hatua zinazofuata ni za kuwajua hao wachache kwa vipimo, kabla hela haijatoka.

Hatua ya 1: Andika programu zote, meza kwa meza

Usimuulize mkuu wa idara watu wake wanatumia nini. Pita uangalie skrini zenyewe. Kwa kila meza andika programu zinazofunguliwa kwa siku nzima na kila kifaa kilichochomekwa: printa, skana, mashine ya EFD, kisoma alama za vidole, tokeni ya benki.

Kisha kila programu ijibu maswali matatu.

Je, inakubali watu wawili kuifungua kwenye Windows moja? Programu za zamani zinaandika mipangilio yake ndani ya C:\Program Files au kwenye faili moja la .ini. Mtu wa pili akiingia anakuta mipangilio ya wa kwanza, au anaambiwa programu tayari iko wazi.

Je, inadai haki za msimamizi ili ifanye kazi? Kwenye tamino seva haki hizo hapewi mtumiaji yeyote, maana kosa lake moja linaangusha ofisi nzima. Mara nyingi tatizo linatatuliwa kwa kuruhusu kuandika kwenye folda moja tu inayohitajika. Ikishindikana, programu hiyo ni ya deskitopu pepe.

Je, leseni yake inaruhusu? TallyPrime Silver ni ya mtumiaji mmoja na Gold ni ya wengi. Ukiwa na Silver, kuhamia kwenye seva hakutawafanya wahasibu watatu waingie pamoja. Office iliyokuja na kompyuta au iliyonunuliwa dukani ikiwa kopi moja moja nayo haikubaliki kwenye tamino seva. Unahitaji ile ya leseni za jumla, au Microsoft 365 Apps for enterprise, au Business Premium, ikiwekwa kwa utaratibu wa uanzishaji wa kompyuta inayoshirikiwa. Business Standard haina ruhusa hiyo, na ndiyo ambayo ofisi nyingi ndogo wanayo. Hakikisha jambo hili wiki hii hii, kwa sababu likigundulika mwishoni linaongeza gharama ya kila mwezi kwa kila kichwa.

Mifumo ya Serikali kama MUSE (malipo) na NeST (manunuzi) haibadilishi uamuzi wako. Kazi yake inafanyika kwenye seva nyingine. Kwako ni kivinjari tu. Mchoraji wa AutoCAD na mtu wa ramani wa ArcGIS waachie kompyuta zao zenye kadi za michoro. Kuwawekea kadi hizo ndani ya seva kwa ajili ya watu wawili ni gharama isiyorudi.

Hatua ya 2: Pima kwa siku tano za kazi

Chagua kompyuta tano: mhasibu, masjala, mapokezi, afisa manunuzi, na yule mtu ambaye kivinjari chake kina kurasa thelathini wazi. Fungua perfmon, kipimaji kilichomo ndani ya Windows, tengeneza seti ya kukusanya vipimo, kisha weka hivi vitatu kila baada ya sekunde 60:

- Memory\Committed Bytes
- Processor(_Total)\% Processor Time
- PhysicalDisk(_Total)\Disk Transfers/sec

Ijumaa jioni chukua kipimo cha juu cha kawaida, ukiacha mipando ya dakika moja moja. Kwenye RAM toa GB 2 hadi 2.5 ambazo ni za Windows yenyewe, kwa kuwa kwenye tamino seva Windows ni moja kwa wote. Kinachobaki ndicho mzigo halisi wa mtu. Mtu wa Word na mfumo mmoja wa kivinjari huangukia GB 1 hadi 1.5. Mwenye Excel nzito na kurasa ishirini za kivinjari anaweza kufika GB 3, na ukiwa nao kumi hesabu yako yote inageuka. Ndiyo maana vipimo vya ofisi nyingine havifai kuazima.

Hatua ya 3: Gawa watu mafungu

Fungu la kwanza ni wanaofanya kazi zinazofanana kwa programu zile zile: tamino seva. Fungu la pili ni wenye programu inayogoma kushirikiwa, au wanaohitaji kusakinisha vitu wenyewe, kama mtengeneza programu au mtu anayejaribu mifumo: deskitopu pepe. Fungu la tatu ni wa michoro na video: wabaki na kompyuta zao. Kwenye ofisi ya watu 30 fungu la pili likizidi watu sita au saba, rudi hatua ya 1 uangalie upya. Mara nyingi programu moja tu ndiyo inayowavuta wote, na kuibadilisha au kuirekebisha ni nafuu kuliko kuijengea mashine pepe saba.

Hatua ya 4: Fanya hesabu ya mashine kwa njia zote mbili

Chukua watu 24 wa fungu la kwanza, wastani wa GB 1.6 kila mmoja.

Tamino seva: 24 × 1.6 ni GB 38.4. Ongeza GB 6 za Windows Server, zinakuwa 44.4. Weka akiba ya robo, zinafika karibu 56. Nunua GB 64. Kwa prosesa, mwongozo wa Microsoft unaweka watumiaji 6 wepesi kwa kila prosesa pepe moja, 4 wa kati, na 2 wazito. Watu 24 wa kati wanahitaji 6, weka 8.

Deskitopu pepe: Windows 11 yenyewe inadai angalau GB 4 za RAM na GB 64 za diski, lakini kwa GB 4 kivinjari na Excel vitakwama. Panga GB 8 kwa kila mtu: 24 × 8 ni GB 192, na GB 16 za mashine mama, jumla 208, kwa hiyo utanunua 256. Prosesa pepe 2 kwa mtu ni 48; ukizibeba kwa uwiano wa 4 kwa 1, yaani prosesa pepe nne kwa kila koa (core) moja halisi, unahitaji koa halisi 12, na usizidishe uwiano huo. Diski ni 24 × 64, yaani GB 1,536 ukitengeneza nakala kamili. Nakala zinazotegemea imeji mama moja zinapunguza sana.

Kwa watu wale wale na kazi ile ile, RAM imezidi mara nne. Tofauti hiyo inakuwa na maana pale tu ambapo mtu anahitaji kweli Windows yake.

Kwa njia yoyote, diski ziwe SSD, angalau mbili zinazoakisiana kwa RAID 1. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 inatoa shughuli zisizozidi 100 hivi kwa sekunde, wakati mtumiaji mmoja wa deskitopu pepe anakula 10 hadi 20 akiwa ametulia, na nyingi zaidi Windows inapowaka. Saa 1:30 asubuhi watu 24 wakiingia pamoja, diski ya namna hiyo inazama na ofisi inakaa hadi saa 2:30 ikitazama alama ya kusubiri. Hata ukiwa na SSD, deskitopu pepe ziwashwe kwa ratiba kuanzia saa 12:30, nne nne.

Hatua ya 5: Leseni, kabla ya oda ya mashine

Hapa ndipo miradi mingi inakwama, kwa hiyo soma taratibu.

Kwenye tamino seva kila mtu anahitaji leseni mbili za kuingia: CAL ya Windows Server, na RDS CAL ya huduma ya kuingia kwa mbali (RDS). Zinauzwa kwa mtumiaji au kwa kifaa. Watu wawili wanaopokezana meza moja kwa zamu, chukua ya kifaa. Mtu mmoja mwenye kompyuta ya ofisini na laptopu, chukua ya mtumiaji. Leseni za mtumiaji zinahitaji domeni ya Active Directory, yaani orodha moja ya akaunti na nywila za ofisi nzima. Ukiziweka kwenye seva isiyo na domeni, kuanzia Windows Server 2019 sesheni itakatwa kila baada ya saa moja, na utahangaika na ruta bure. Toleo nalo lizingatiwe: RDS CAL ya 2022 haifungui seva ya 2025, ila ya 2025 inafungua ya 2022.

Windows Server inakupa siku 120 za kutumia huduma hii kabla ya leseni. Tumia siku hizo kwa majaribio na uandike tarehe ya mwisho ukutani. Zikiisha, watu wanakataliwa kuingia asubuhi moja bila onyo walilolielewa.

Windows Server Standard moja, ikilipiwa koa zote za mashine (kiwango cha chini koa 16), inaruhusu mashine pepe mbili za Windows Server. Zitumie hivi: ya kwanza ibebe domeni, mafaili na huduma ya leseni; ya pili iwe tamino seva peke yake. Usiweke domeni na sesheni za watu kwenye Windows moja, kwa kuwa atakayeiteka sesheni moja atakuwa hatua moja kutoka kwenye nywila za ofisi nzima.

Kwa deskitopu pepe, leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta haihamishiki kwenda kwenye seva. Kila mtumiaji anahitaji Windows Enterprise E3 au E5, au VDA (leseni ya kuingia kwenye deskitopu pepe), na ukitumia huduma za RDS kuwaelekeza kwenye mashine zao, RDS CAL inahitajika vilevile. Omba nukuu ya bei ya njia zote mbili kwa miaka mitatu, maana moja hununuliwa mara moja na nyingine hulipwa kila mwaka.

Kuna mafundi wanaouza mkato: Windows 10 au 11 ya kawaida iliyobandikwa kiraka ili iruhusu watu wengi kuingia pamoja. Kataa. Inavunja masharti ya leseni, na sasisho moja la Windows linaweza kuizima usiku bila kumuaga mtu.

Taasisi ya umma izingatie kwanza taratibu za Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019, kabla ya kutangaza manunuzi yoyote.

Hatua ya 6: Mtandao, umeme na vumbi

Ndani ya jengo, swichi ya gigabiti na kebo ya Cat6 zinatosha. Wi-Fi iache kwa simu na wageni.

Tawi la Kondoa au Manyoni lipimwe siku ya kazi, mchana. Endesha `ping -n 100` kuelekea makao makuu. Muda wa kwenda na kurudi ukiwa chini ya milisekunde 150, mtu anaandika bila kuona tofauti. Ukizidi 200, herufi zinachelewa kutokea na malalamiko yanaanza. Setilaiti za juu kabisa hazifai, kwa kuwa zinazidi 500. Pakiti zikipotea zaidi ya 1 kati ya 100, tatua hilo kabla ya kuongeza kasi. Panga Mbps 1.5 kwa mtumiaji mwepesi na 3 kwa wa kati, na uwe na laini ya akiba ya mtoa huduma mwingine, kwa kuwa laini ikikatika tawi lote linasimama. Mikutano ya video ifanyike kwenye kompyuta ya mezani au simu, nje ya sesheni. Video ndani ya tamino seva inakula prosesa ya wote na sauti inarudi mwangwi.

Umeme ukikatika, tamino seva na deskitopu pepe zina faida moja kubwa: kompyuta ya mezani inazima, sesheni inabaki hai kwenye seva, na mtu akirudi anakuta barua yake pale pale alipoishia. Faida hiyo inapatikana iwapo seva, swichi na ruta vyote viko kwenye UPS. Ruta husahaulika. Chagua UPS ya aina ya onlaini, iunganishe na seva kwa kebo ya USB, na uipange izime mashine pepe kwa utaratibu betri ikibaki theluthi. Jaribu kwa kuchomoa plagi Jumamosi, maana betri iliyokaa miaka mitatu kwenye joto huonyesha imejaa na kuisha kwa dakika mbili.

Kiangazi cha Dodoma kina upepo na vumbi jekundu linalopita chini ya mlango. Chumba cha seva kizibwe, kiwe na kiyoyozi, na vichujio vikaguliwe kila mwezi kuanzia Juni hadi mvua zianze.

Hatua ya 7: Jaribu na watu watano, wiki mbili

Chagua wagumu: mhasibu mwenye EFD, katibu muhtasi mwenye printa mbili, na yule wa kurasa thelathini. Sakinisha programu kwenye tamino seva kwa kuandika kwanza `change user /install`, na ukimaliza `change user /execute`. Ukiruka hapo, baadhi ya programu zitafanya kazi kwa msimamizi tu.

Vifaa vya USB na COM (poti ya mfululizo) ndivyo vinavyoumiza zaidi. Programu ya kutoa risiti inatafuta EFD kwenye COM3 ya kompyuta iliyopo, na sasa programu ipo kwenye seva wakati mashine ipo mezani. Kwenye dirisha la kuunganisha (Remote Desktop Connection), fungua sehemu ya rasilimali za kompyuta hii na uruhusu poti. Kisha toa risiti kumi mfululizo, ukichomoa na kuchomeka kebo katikati. Ikikosa hata moja, mhasibu huyo abaki na kompyuta yake kwa kazi ya risiti. Risiti ya mteja si mahali pa kubahatisha.

Printa za kawaida hupita kwa Easy Print, njia ya RDS ya kuchapa bila kuweka draiva ya kila printa kwenye seva. Printa za nukta zinazochapa hundi na fomu zenye kaboni huhama mstari, kwa hiyo zisakinishwe moja kwa moja kwenye seva. Draiva mbovu moja inasimamisha uchapishaji wa watu wote. Ruhusu zile ulizozijaribu tu.

Kupima ucheleweshaji, Windows Server 2019 na kuendelea ina kipimo cha User Input Delay per Session ndani ya perfmon. Ikikosekana kwenye orodha, weka thamani ya EnableLagCounter kuwa 1 chini ya HKLM\System\CurrentControlSet\Control\Terminal Server, kisha uwashe seva upya. Kinakuonyesha nani hasa anasubiri na saa ngapi.

Hatua ya 8: Mipangilio kabla ya kufungua mlango

Poti 3389, ambayo Remote Desktop inaitumia, isionekane kwenye intaneti hata kwa siku moja. Wa nje wapite VPN, au RD Gateway (lango la Microsoft la kuingilia Remote Desktop) kupitia poti 443, pamoja na uthibitisho wa hatua ya pili. Programu za kusaka nywila zinazunguka intaneti usiku na mchana, na kwenye tamino seva akaunti moja dhaifu inatosha virusi vya kudai fidia kufunga folda zote ambazo mtu huyo anaweza kuziandika.

Profaili za watu (mipangilio na mafaili ya kila mmoja) ziwekwe kwenye FSLogix, zana ya Microsoft ya kuzihifadhi, nje ya diski ya mfumo, zikiwa na kikomo cha ukubwa. Zima ubebaji wa diski za kompyuta ya mezani na kunakili nje ya sesheni kwa wasiohitaji. Ofisi yenye taarifa za wateja inawajibika nazo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Weka ukomo: sesheni isiyoguswa ikatwe baada ya saa moja, na iliyokatwa ifungwe kabisa baada ya masaa mawili mengine. Waambie watu kwamba faili ambalo halijahifadhiwa litapotea. Bila ukomo huo, Alhamisi utaandika `quser`, amri ya kuorodhesha sesheni, na kukuta watu wanne walioondoka Jumatatu, sesheni zao zikiwa zimeshikilia GB 7 na daftari la Tally likiwa limefungwa kwa jina la mtu aliye safarini Singida. Muondoe kwa `logoff` na namba ya sesheni yake, baada ya kumpigia simu.

Bakapu ya mashine pepe ifanyike kila usiku, na nakala moja itoke nje ya jengo. Irudishe kwenye mashine nyingine mara moja kwa miezi mitatu na ufungue faili la kweli.

Hatua ya 9: Kuhamisha

Hamisha idara moja kwa wiki, uhasibu uwe wa mwisho. Epuka siku za kuelekea tarehe 7 na 20 za mwezi, ambapo marejesho ya PAYE na VAT yanatakiwa TRA. Kompyuta za zamani zenye GB 4 za RAM ziwekee Linux na Remmina (programu ya kuunganisha na seva), zitatumika miaka mingine kama skrini. Kabla ya hapo, diski ya kila moja ikae kabatini siku 30 bila kufutwa, ikiwa na jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Daima kuna mtu anayekumbuka wiki ya tatu kwamba mikataba yake ilikuwa kwenye eneo la kazi (desktop) la kompyuta ile.